Muhuri uko kwa mzee

Miaka kadhaa iliyopita timu ya mtaani kwetu nusura ikose ligi ya wilaya kwa sababu ya muhuri. Fomu za usajili zilikuwa zimejazwa, picha za vijana zimebandikwa, ada imechangwa mpaka shilingi ya mwisho, na dirisha lilikuwa linafungwa Jumamosi saa kumi jioni. Kilichobaki ni mwenyekiti kusaini na kugonga. Mwenyekiti alikuwa Same, msibani. Muhuri nao ulikuwa Same, kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, umefungwa kwenye leso pamoja na kidau cha wino.

Tukampigia. "Msihangaike wanangu, Jumatatu nipo hapo." Ijumaa alfajiri ikabidi kijana mmoja apandishwe basi la Moshi, ashuke Same, amfuate mzee chini ya turubai, agongewe fomu zote juu ya meza ya daftari la rambirambi, kisha atafute namna ya kurudi. Alirudi na lori la vitunguu. Fomu ziliingia ofisini Jumamosi saa tisa na nusu zikinuka vitunguu, na karani aliyezipokea alizishika kwa ncha za vidole.

Kwenye kikao kilichofuata kijana mmoja akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: kwa nini muhuri wa klabu unasafiri? Mwenyekiti hakujibu. Alijibu mzee mwingine, mwanachama wa tangu enzi, tena kwa ukali: "Bila huyu bwana timu hii ingekuwa imekufa zamani." Tukatikisa vichwa kukubali. Nami nilikubali, maana ilikuwa kweli. Mipira aliyonunua yule mzee kwa fedha zake haihesabiki, na jezi zetu zilifuliwa nyumbani kwake na mkewe mwaka hadi mwaka. Nimekaa muda mrefu kabla ya kung'amua kwamba yale maneno tuliyomtetea nayo ndiyo yaliyokuwa mashtaka yake.

Tunapojadili lini rais wa klabu aliyekaa sana aachie kiti, huwa tunakimbilia vipimo vya haraka. Kuna wanaohesabu miaka yake ya kuzaliwa, kuna wanaohesabu miaka yake madarakani, na walio wengi hutazama msimamo wa ligi: timu ikishinda mzee abaki, ikifungwa tatu mfululizo mzee aondoke. Mimi nina kipimo kimoja tu, cha ule muhuri. Akisafiri, nini kinasimama? Kama kila kitu kinasimama, ameshachelewa kuondoka, hata kama jana amebeba kombe.

Klabu iliyonifundisha jambo hili kuliko nyingine zote ni FC Porto ya Ureno, na mtu mwenyewe ni Jorge Nuno Pinto da Costa.

Alichaguliwa kuwa rais Aprili 1982, ana miaka 44. Hakuwa mgeni pale. Alianzia kwenye vitengo vidogo vya klabu, huko kwenye mpira wa magongo unaochezwa kwa viatu vya magurudumu, akapanda mpaka kuongoza idara ya soka. Mwaka 1978 yeye na kocha José Maria Pedroto wakaipa Porto ubingwa wa kwanza baada ya miaka 19. Ukame wa miaka 19, fikiria hapo, kuna watu waliozaliwa, wakasoma, wakaoa bila kuiona timu yao ikiwa bingwa. Siku zile soka la Ureno lilikuwa mali ya Lisbon, yaani Benfica na Sporting, na watu wa kaskazini walikuwa na lao moyoni. Pinto da Costa alilijua lile dukuduku kwa sababu lilikuwa lake pia, akalifanya kuwa itikadi ya klabu: sisi huku, wao kule, na wao hawatutaki.

Aliikuta Porto ina ubingwa wa ligi mara 7. Aliiacha ikiwa nao mara 30. Humo katikati mna Kombe la Ulaya la mwaka 1987 kule Vienna, pale Mwalgeria Rabah Madjer alipoifunga Bayern Munich kwa kisigino, bao ambalo mpaka leo vijana wakilijaribu uwanjani kocha huwafokea. Mna Kombe la UEFA la 2003, Ligi ya Mabingwa ya 2004 chini ya José Mourinho, na Benni McCarthy akiwa kikosini, huyuhuyu aliyekabidhiwa Harambee Stars mwaka 2025. Mna Europa League ya 2011 chini ya kocha wa miaka 33, André Villas-Boas. Mna uwanja mpya, Estádio do Dragão, uliofunguliwa Novemba 2003 kwa mechi ya kirafiki na Barcelona; siku hiyo Barcelona waliingiza kinda wa miaka 16, mara yake ya kwanza na timu ya wakubwa, jina lake Lionel Messi.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje aondoke? Unaanzia wapi?

Hakuna aliyeanza. Kwa miaka mingi aligombea peke yake, uchaguzi ukawa kama sherehe ya kumpongeza. Mwaka 2004 ukafumuka uchunguzi wa polisi kuhusu rushwa kwa waamuzi, na mwaka 2008 ligi ya Ureno ikamfungia miaka miwili na Porto ikakatwa pointi 6. Mahakamani alishinda, na hilo lisemwe wazi. Ninachokitazama mimi ni jinsi wanachama walivyolipokea: hizi ni njama za Lisbon. Huenda kweli ilikuwamo humo. Lakini klabu ikishazoea kuishi kama imezingirwa, kila swali linakuwa la adui. Mwanachama akiuliza deni ni kiasi gani, anaulizwa yeye ni wa upande gani.

Kwetu tuna silaha kali zaidi kwa kazi hiyo. Tuna "fadhila za punda". Simama kwenye mkutano mkuu wowote, kuanzia timu ya mtaa mpaka klabu kubwa, uulize mapato ya mlangoni yamekwendaje, na kabla hujakaa chini utakuwa umeshaitwa punda. Mwenzako alitoa nauli za timu wakati wewe uko wapi? Na kweli hukutoa nauli. Unakaa chini. Ndivyo shukrani inavyokuja kufanya kazi ya askari wa mlangoni, na mara nyingi kiongozi mwenyewe hakumwajiri askari huyo. Sisi ndio tuliomweka.

Nirudi Porto. Ningekuwa mshauri wake, ningemwambia aondoke Mei 2011, wiki ile waliyotoka Dublin na kombe la Europa League. Ana miaka 73. Ubingwa wa ligi wameuchukua bila kupoteza mechi hata moja. Uwanja upo, jina lipo, wachezaji wa kuuzwa ghali wapo. Pale alikuwa na nguvu ya kumleta mtu mezani na kusema huyu ndiye, mfuateni, na watu wangemfuata. Wako watakaosema 2004 ingekuwa bora zaidi, na sina ugomvi nao.

Maana kilichofuata ni hesabu. Porto iliishi kwa biashara moja: kununua vijana kwa bei nafuu, wengi kutoka Amerika Kusini, kuwang'arisha kwenye Ligi ya Mabingwa, kuwauza kwa mamilioni. Falcao, Hulk, James Rodríguez, wote walipita njia hiyo. Ni biashara nzuri mpaka msimu unaokosa Ligi ya Mabingwa, au msimu ambao kinda uliyemnunua hang'ai. Kuanzia 2014 hadi 2017 ubingwa wote ulikwenda Benfica. Mwaka 2017 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaiweka Porto kwenye uangalizi wa matumizi yake. Kocha Sérgio Conceição aliwarudishia ubingwa 2018, 2020 na 2022, akiwa na pochi nyembamba kuliko waliomtangulia, na nadhani ushindi wake ndio ulioahirisha mazungumzo ambayo yangefanyika mapema. Kufikia 2023 madeni ya kampuni inayoendesha soka la klabu yalikuwa yameizidi mali yake kwa zaidi ya euro milioni 100.

Novemba 13, 2023 wanachama waliitwa kwenye mkutano kujadili mabadiliko ya katiba ya klabu. Walikuja wengi kuliko ukumbi, wakahamishiwa kwenye uwanja wa ndani ulio jirani na Dragão. Ngumi zikapigwa. Wanachama waliotaka kupinga walizomewa, wengine wakashambuliwa, mbele ya meza kuu, na mkutano ukavunjika usiku huo bila kumalizika. Januari iliyofuata polisi walimkamata kiongozi wa kundi kubwa la mashabiki wa Porto, na mwaka 2025 mahakama ikamhukumu kifungo kwa mambo ya usiku ule. Pinto da Costa hakuwa mshtakiwa. Lakini jiulize: mtu mwenye makombe yote yale anafikaje mahali ambapo wanachama wake wanahitaji kutishwa ili wanyamaze? Miaka ya mwanzo walinyamaza kwa mapenzi.

Mpinzani aliyejitokeza alikuwa Villas-Boas. Hapa ndipo kisa kinaponiuma. Huyu hakuwa tajiri wa nje aliyekuja na begi la dola. Alizaliwa Porto, shabiki tangu utotoni, alikaa jengo moja na kocha Bobby Robson akiwa kijana na Robson ndiye aliyemfungulia mlango wa klabu, na ni Pinto da Costa huyohuyo aliyempa timu mwaka 2010. Mrithi alikuwa amelelewa ndani ya nyumba. Alipotaka kuingia sebuleni akaonekana mvamizi.

Siku chache kabla ya kura, klabu ilitangaza mkataba mpya wa kocha Conceição hadi 2028. Nani husaini mkataba wa miaka minne siku chache kabla ya uchaguzi asiojua kama atashinda? Kocha mwenyewe hakumaliza hata kiangazi, Juni alishaondoka. Ukitaka kumjua kiongozi aliyepitiliza, mtazame anavyosaini dakika za mwisho. Wa aina hii huwa hamwachii ajaye nafasi ya kusaini chake.

Aprili 27, 2024 walipiga kura wanachama zaidi ya 26,000. Villas-Boas akapata asilimia 80. Pinto da Costa, mwenye miaka 86, baada ya miaka 42 ya urais, hakufika 20. Kura nyingi hivyo hazikusanywi kwa kampeni ya miezi mitatu. Watu walikuwa wameshapiga kimoyomoyo miaka nyuma, wakisubiri sanduku tu. Februari 15, 2025 akafariki kwa saratani. Mji mzima uliomkataa kwenye kura ulimlilia barabarani, na hao waliolia hawakuwa wanafiki. Walimpenda. Walitaka tu atoke.

Kiswahili chetu, tena hasa cha Tanzania, kina bahati ya kuwa na neno ambalo lugha nyingi hazina. Kujiuzulu ni kitu kimoja, mara nyingi kuna harufu ya kashfa. Kuondolewa ni kitu kingine. Halafu kuna kung'atuka, neno la Kizanaki alilotupa Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985: mtu anainuka mwenyewe, bado watu wanampenda, anampisha mwingine. Wapenzi wa neno hilo husahau kwamba Mwalimu aliendelea kuwa mwenyekiti wa chama hadi 1990. Simlaumu. Nasema tu kwamba hata mwenyewe mwenye neno hakutoka kwa hatua moja, kwa hiyo mwenyekiti wa klabu anayesitasita asionekane kituko.

Kuna wanaoamini dawa ni ukomo wa vipindi. Viwili, kwaheri. Naunga mkono, lakini sidanganyiki kwamba karatasi inatosha. Issa Hayatou aliongoza CAF, shirikisho la soka la Afrika, miaka 29. Katiba ilikuwa na ukomo wa umri wa miaka 70. Mwaka 2015 ukaondolewa, na wajumbe wakapiga makofi. Miaka miwili baadaye, Addis Ababa, wajumbe wakampigia Ahmad Ahmad kura 34 dhidi ya 20. Real Madrid wao hawakugusa miaka ya rais, waligusa sifa za mgombea. Tangu 2012 anayetaka urais lazima awe mwanachama wa miaka 20 na aweke dhamana ya benki inayolingana na asilimia 15 ya bajeti ya klabu, kwa mali yake mwenyewe. Tafuta watu wangapi Hispania wanaoweza hivyo. Florentino Pérez alitangazwa rais mwaka 2009, 2013, 2017, 2021 na 2025 bila kura kupigwa. Anafanya kazi nzuri, makombe yapo, uwanja umejengwa upya. Lakini siku atakapotoka, sijui kama kutakuwa na uchaguzi au kutakuwa na msako wa tajiri.

Na hapo ndipo tunapofika kwetu, kwa sababu klabu zetu tatizo lake kubwa si miaka ya mtu, ni mfuko wake.

Yusuf Manji, mfanyabiashara tajiri, hakukaa Yanga muda mrefu. Alichaguliwa mwenyekiti Julai 2012, akajiuzulu Mei 2017, hata miaka mitano haikutimia. Humo ndani Yanga ilichukua ubingwa mara nne. Alipoandika barua ya kuondoka, wanachama hawakuamini. Juni 2018, mwaka mzima baadaye, walikaa kwenye mkutano wakaikataa ile barua. Yaani mtu ameshaondoka, ofisini haji, fedha hazitoki, na sisi tunapiga kura kwamba hajaondoka. Nilicheka siku ile, na mimi ni mtu wa Jangwani, yaani wa Yanga. Kisha likaja bakuli. Kocha Mwinyi Zahera akawa ndiye sauti ya kuomba michango, mashabiki wakatuma elfu mbili, elfu tano kwa simu ili wachezaji wale na wasafiri. Simba ikachukua ubingwa mara nne mfululizo huku tunahesabu michango. Manji alifariki Juni 2024, Mungu amrehemu, na bado wako watu wanaosema laiti angerudi.

Kisa cha Manji kinavunja hoja ya wanaohesabu miaka. Mitano ilitosha kuifanya klabu ya tangu 1935 isijue kununua maji ya kunywa. Baada ya hapo tulipata wafadhili wengine na rais mwingine, Hersi Said, aliyechaguliwa 2022, na makombe yamerudi kwa fujo. Nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Ila kila nikiona furaha hiyo nalikumbuka bakuli, na sijasikia mkutano mkuu ukiuliza kwa sauti: wakiondoka hawa, Julai tutalipa mishahara kwa fedha gani? Sheria inasema wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji 49. Asilimia 51 ya kitu ambacho huwezi kukilisha ni jina tu.

Lubumbashi, kule Kongo, wana mtihani mkubwa zaidi. Moïse Katumbi amekuwa rais wa TP Mazembe tangu 1997. Watanzania tunaifahamu Mazembe kwa namna ya pekee: mwaka 2011 iliitoa Simba kwenye Ligi ya Mabingwa, kisha yenyewe ikatolewa mezani baada ya Simba kulalamikia mchezaji asiyestahili, na juu ya yote hayo ikamchukua Mbwana Samatta. Kijana akaenda Kamalondo, mtaa wa Mazembe huko Lubumbashi, akajikuta anazungumza Kiswahili dukani na uwanjani, na mwaka 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika akiwa miongoni mwa nyota wake wakubwa. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, kipa Robert Kidiaba akishangilia kwa kurukaruka amekaa kitako mpaka Abu Dhabi nzima ikacheka. Uwanja ulijengwa. Shule ya soka ilijengwa. Yote yana mkono wa mtu mmoja.

Mtu huyohuyo aligombana na watawala wa Kinshasa, na kuanzia Mei 2016 hadi Mei 2019 aliishi nje ya nchi. Miaka mitatu. Huo ndio mtihani wangu wa muhuri, tena mkubwa kuliko wa msiba wa Same. Matokeo? Mazembe ilichukua Kombe la Shirikisho 2016, ikalichukua tena 2017. Kwa hiyo palikuwa na watu pale, palikuwa na utaratibu, klabu haikufungwa kufuli. Nampa Katumbi sifa hiyo bila kusita, maana wengi wa viongozi wetu wakienda Dodoma siku mbili klabu inashindwa kulipia hoteli. Nusu ya mtihani aliifaulu. Nusu ya pili iko kwenye pochi: aliyekuwa mbali ni yeye, fedha hazikuwa mbali. Na anapokuwa pia mwanasiasa aliyegombea urais wa nchi mwaka 2023, kila jiwe linalorushwa kwake linaangukia klabu kwanza. Nadhani wakati wake wa kung'atuka ulikuwa ule aliporejea 2019 na kupokewa na umati, akakuta nyumba bado imesimama. Angeweza kubaki mfadhili na kumpa mwingine kiti. Hakufanya hivyo, na makombe ya Afrika ya timu ya wanaume yalikuwa yameshakoma miaka miwili nyuma.

Sasa niseme jambo ambalo wanaharakati wa mabadiliko hawapendi kulisikia. Wazee hawa hung'ang'ania kwa sababu wanaona tunavyowafanyia waliotoka. Mwenyekiti wa zamani wa klabu nyingi za kwetu ana hali gani? Akitoka tu, kamati mpya inamtuhumu kula fedha, iwe kweli au uongo. Miezi sita baadaye akija uwanjani anazuiliwa mlangoni na kijana aliyevaa fulana ya ulinzi ambaye alikuwa hajazaliwa mzee alipokuwa anauza ng'ombe wake alipe usajili. Nimemwona mmoja kwa macho yangu, amesimama kwenye foleni ya jua, mkononi kadi ya uanachama iliyochakaa hadi namba hazisomeki, anaomba apigiwe simu mtu wa ndani. Mtu aliyeona hayo ataachia kiti kwa sababu gani? Kwenye kiti angalau anapewa maji ya chupa.

Ukitaka mzee atoke vizuri, mjengee mahali pa kutokea. Kiti jukwaani chenye jina lake. Nafasi ya kusema kwenye mkutano mkuu, bila kura na bila kalamu. Picha yake ofisini, ikiwa ofisi ipo. Na hesabu zikaguliwe akiwa bado madarakani, kila mwaka, ili siku ya kutoka kusiwe na cha kufukua. Kwa klabu nyingi hili ni rahisi kuliko kuandika katiba mpya, ila linataka watu wawe na adabu wakati hakuna anayeogopwa.

Kwetu mtaani mzee bado ni mwenyekiti. Miaka imepita, wachezaji waliosajiliwa kwa fomu za vitunguu sasa wana watoto wanaocheza chandimu palepale. Hatujafanya uchaguzi, kwa sababu kila tukipanga tarehe mtu anafariki au mvua inanyesha. Wiki iliyopita alinipigia simu usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, nakwenda Moshi kutibiwa macho, huenda nikakaa mwezi. Nimeona safari hii muhuri niuache. Nimwachie nani?"

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, mzee, mwachie katibu.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia redio yake kwa mbali, na mtu anafunga mlango.

"Sawa," akasema. "Katibu wetu siku hizi ni nani?"